Kumkatia Mzazi Bima ya Afya: Namna ya Kumtambua Wakala Asiye Mwaminifu

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza kueleza njia halali ambazo mzazi mwenye umri mkubwa hupitia ili apate kinga ya gharama za matibabu. Kutambua sura za udanganyifu zinazotumiwa na mawakala wasio waaminifu. Kufuata hatua za uhakiki kabla ya kutoa fedha. Na kujua la kufanya udanganyifu unapokuwa umekwisha kutokea. Sehemu ya mwisho inawahusu zaidi watumishi wa vituo vya afya, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kumweleza mzee kwamba kadi aliyoishika si kitu.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini kila sehemu yake ni jambo linaloweza kumpata mtu yeyote. Mama mwenye umri wa miaka 67 anaishi Ukerewe, mwendo mfupi kutoka Nansio. Ana shinikizo la juu la damu kwa miaka sita sasa, na hunywa dawa kila siku. Binti yake anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Siku moja kijana aliyevaa fulana yenye nembo ya bima anasimama mbele ya meza yake.

"Dada, mzazi wako yupo?"

"Mama yupo, Ukerewe."

"Ana bima?"

"Hana. Na presha inamsumbua."

"Hilo la presha tuliache, lisije likatukwamisha. Nipe jina lake tu, mengine nitajaza mwenyewe. Lipa kidogo kidogo, kadi itatoka baada ya miezi miwili."

Binti analipa shilingi 60,000 mara tatu, zote kwa namba ya simu ya kijana yule. Katika fomu, ambayo binti haioni, mama anaandikwa kuwa na miaka 58 na kuwa hana ugonjwa wowote. Jioni ya malipo ya kwanza binti anapiga simu nyumbani: "Shikamoo mama. Bima yako iko njiani, utatibiwa bure." Mama anaitikia marahaba na kumshukuru Mungu. Kisha, bila kumwambia mtu, anaanza kunywa vidonge vyake siku moja na kuruka siku moja, ili vilivyobaki vimfikishe siku ya kadi.

Kadi inaletwa kweli, imechapwa vizuri na ina picha yake. Katika wiki ya tisa mkono wa kushoto wa mama unalegea na maneno yanaanza kumpotea mdomoni. Hospitali ya wilaya inampa huduma ya kwanza na rufaa ya kwenda Mwanza. Pale kwenye dirisha la bima, namba iliyo katika kadi haionekani popote. Mama anatibiwa, anapona, lakini mkono haukurudi kama ulivyokuwa. Katika kikao cha familia kilichofuata, kaka wa binti yule, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Magu, anagundua kwamba angeweza kumwandikisha mama katika bima yake ya utumishi bila kuongeza hata shilingi moja ya makato, kwa kuwa nafasi za wategemezi wake zilikuwa hazijajaa.

Hasara kubwa katika mfano huu haikuwa shilingi 180,000. Fedha hizo zingeweza kupatikana tena kwa misimu kadhaa ya dagaa. Hasara kubwa ilikuwa wiki tisa ambazo mgonjwa alizipunguzia dawa kwa kuamini kinga ambayo haikuwapo. Ndiyo sababu udanganyifu wa bima si jambo la polisi na wanasheria peke yao. Ni jambo la afya.

Kwa nini wazazi hulengwa

Wapo mawakala wengi waaminifu, na bila wao familia nyingi zisingejua hata maana ya neno bima. Hata hivyo, kumkatia mzazi bima kuna mambo manne yanayomrahisishia kazi asiye mwaminifu.

La kwanza ni umri na maradhi. Kampuni nyingi binafsi huweka ukomo wa umri wa kujiunga, na mwenye ugonjwa sugu hutozwa zaidi au huwekewa masharti. Familia iliyokwisha kukataliwa mara moja humpokea kwa mikono miwili yeyote asemaye "inawezekana".

La pili ni umbali. Anayelipa yuko Mwanza, Geita au Dar es Salaam. Anayekingwa yuko kisiwani au kijijini. Mlipaji hamwoni mzazi akitumia kadi, na mzazi haioni fomu. Wakala anasimama katikati, na kila upande unaamini kwamba upande wa pili umehakikisha.

La tatu ni namna wakala anavyolipwa. Wakala hupata kamisheni mteja anapojiunga. Hapati kitu mteja anapotibiwa. Kwa hiyo ana sababu ya kuharakisha mauzo, na hana sababu kubwa ya kueleza yale ambayo bima haigharamii. Kulijua jambo hili humsaidia mteja kuuliza maswali bila kumtukana mtu.

La nne ni mabadiliko ya sheria na vifurushi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kabla yake vifurushi na viwango vya michango vilikwisha kubadilika zaidi ya mara moja. Kila badiliko huacha kipindi ambacho wananchi hawana hakika ya utaratibu mpya, na katika kipindi hicho tapeli husema, "Utaratibu umebadilika, sasa malipo yanapitia kwangu."

Njia halali za kumkinga mzazi

Kabla ya kumsikiliza wakala yeyote, familia inapaswa kuijua ramani ya njia zilizopo.

Njia ya kwanza ni mtoto aliye katika ajira. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kutoa huduma mwaka 2001. Kwa utaratibu wa watumishi wa umma, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, ambapo mwajiri na mwajiriwa huchangia nusu kwa nusu. Pamoja na mwenza, mwanachama huandikisha wategemezi wasiozidi 4, na miongoni mwao wanaweza kuwamo wazazi wake au wazazi wa mwenza wake. Makato hayaongezeki kwa sababu mzazi ameongezwa. Kwa hiyo swali la kwanza katika ukoo lisiwe "wakala gani ni nafuu?" bali "ni nani kati yetu ana bima ya ajira, na nafasi ngapi zimebaki?"

Njia ya pili ni Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ambao majaribio yake yalianzia Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Katika mfumo ulioboreshwa ulioanza mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 nje ya Dar es Salaam ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Uandikishaji ulifanywa na maafisa waandikishaji wanaojulikana na serikali ya kijiji au mtaa. Kwa kuwa utaratibu unaingia katika mfumo wa bima kwa wote, kiwango na kitita cha sasa viulizwe kwa mtendaji wa kijiji, kwenye kituo cha afya au halmashauri.

Njia ya tatu ni kampuni binafsi za bima. Hizi husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wakala na dalali wa bima ni lazima awe amesajiliwa na mamlaka hiyo. Inafaa kutofautisha wawili hawa: wakala humwakilisha mwenye kampuni, ilhali dalali humwakilisha mteja katika kutafuta kampuni inayomfaa.

Njia ya nne husahaulika mara nyingi. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007, wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Utambuzi huanzia katika serikali ya kijiji au mtaa na ofisi ya ustawi wa jamii, na mzee hupewa kitambulisho. Ni kweli kwamba dawa wakati mwingine hukosekana na dirisha la wazee huwa na foleni. Hata hivyo, si haki mzee anayestahili msamaha aishie kumlipa tapeli kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Sura sita za udanganyifu

1. Wakala hewa. Hana kampuni wala usajili. Ana fulana, kitabu cha risiti kilichochapwa mtaani na maneno mazuri. Huonekana penye watu wenye fedha taslimu na haraka: sokoni, mialoni, vituo vya mabasi, hata nje ya mageti ya hospitali.

2. Wakala wa kweli anayekula michango. Huyu amesajiliwa, lakini hupokea fedha kwa simu yake na kuchelewa kuziwasilisha, au haziwasilishi kabisa. Katika bima, kinga haianzi kabla malipo hayajafika kwa mtoa bima. Mzazi akiugua katika siku hizo, anaugua bila kinga.

3. Uongo katika fomu. Umri unapunguzwa, kisukari na shinikizo la damu vinafichwa. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili: mtoa bima hupanga ada kwa kutegemea maelezo ya mteja. Ikigundulika kwamba maelezo yalikuwa ya uongo, anaweza kukataa madai na hata kuufuta mkataba. Kumbukumbu za kliniki zinaonyesha mgonjwa alianza dawa lini, kwa hiyo uongo huu hufichuka siku ile ile bima inapohitajika.

4. Ahadi zisizo katika mkataba. "Inagharamia kila kitu, hospitali zote, kuanzia leo." Mikataba mingi ina kipindi cha kungojea, ukomo wa fedha kwa kila aina ya huduma, orodha ya hospitali na orodha ya mambo yasiyogharamiwa. Usafishaji wa damu kwa mgonjwa wa figo, upasuaji mkubwa na dawa za saratani ni mambo ya kuulizwa moja moja.

5. Kuuza kitu kingine kwa jina la bima ya afya. Mzee anadhani amekatiwa bima ya matibabu, kumbe ni bima ya maisha au ya mazishi. Mkataba ni halali kabisa, ila hautamtibu.

6. Ukoo wa kuazima. Mzazi anaandikishwa kuwa mama wa mtumishi asiyemjua, au kuwa mwajiriwa wa kikundi kisichokuwapo, kwa malipo ya chini ya meza. Hapa familia yenyewe huwa mshiriki wa kosa. Kadi ikifungwa, hakuna mahali pa kulalamika bila kujishtaki.

Hatua saba kabla ya kulipa

Kwanza, ukoo ukae kikao, ana kwa ana au kwa simu, ili kujua nafasi za wategemezi zilizopo na kumchagua mtu mmoja atakayetunza nyaraka.

Pili, wakala aombwe jina lake kamili, jina la kampuni na namba ya usajili. Majina hayo yahakikiwe kwa TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na kwa kampuni yenyewe kwa namba ya simu iliyotafutwa na mteja, si ile iliyotolewa na wakala. Mwaminifu hachukizwi na uhakiki.

Tatu, mzazi au mtoto ajaze fomu mwenyewe au asomewe kila swali kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Fomu tupu isitiwe sahihi kamwe. Ugonjwa uandikwe kama ulivyo, pamoja na dawa anazotumia.

Nne, malipo yaende kwenye akaunti ya taasisi. Kwa NHIF na mifuko mingine ya umma, malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontrol namba, na jina la taasisi huonekana kabla ya kuthibitisha. Likitokea jina la mtu binafsi, malipo yasimamishwe hapo hapo.

Tano, mkataba wenyewe uombwe, si kipeperushi. Yatafutwe mambo matano: kinga inaanza lini, inaisha lini, hospitali zipi, kiasi gani, na nini hakigharamiwi.

Sita, nakala zitunzwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti, ujumbe wa muamala na picha ya fomu viwekwe mahali ambapo watu wawili wa familia wanaweza kuvipata.

Saba, kadi au namba ya uanachama ijaribiwe mapema. Mzazi aende katika kituo kilichoorodheshwa akiwa mzima, hata kwa kupima shinikizo la damu tu. Jaribio hili dogo lingeliokoa wiki tisa za mama wa Ukerewe. Na hadi jaribio lifaulu, dawa zisipunguzwe hata siku moja. Dawa za shinikizo la damu hufanya kazi zinaponywewa kila siku; zikirukwa, shinikizo hupanda tena, mara nyingi bila dalili, na kiharusi huweza kuja bila kubisha hodi.

Udanganyifu ukishatokea

Fedha zilizotumwa kwa simu zinaweza kuzuiwa zikiwa hazijatolewa. Kwa hiyo mtandao husika uarifiwe mara moja. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa taarifa za utapeli wa simu. Taarifa ifikishwe kituo cha polisi na namba ya RB ichukuliwe.

Ikiwa wakala ni wa kampuni halali, malalamiko yaandikwe kwanza kwa kampuni na nakala ibaki na mwenye malalamiko. Kampuni isiharakishe kusema "huyo hatumjui", kwani wakala iliyemteua hufanya kazi kwa niaba yake. Jibu lisiporidhisha, shauri hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mtumishi wa umma akidai rushwa ili kumwandikisha mzazi, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Jambo la mwisho si la kisheria. Mzazi asifichwe, na wala asilaumiwe. Wazee wengi, wakijua kwamba fedha za mtoto zimepotea kwa ajili yao, huanza kuficha maumivu ili wasiongeze gharama. Neno moja, "Mama, kosa si lako, endelea na dawa," lina uzito wa tiba.

Wajibu wa mtumishi wa afya

Mtumishi anayepokea kadi isiyotambulika asikimbilie kumwita mzee mwizi. Kadi inaweza kuwa ya bandia, lakini pia huenda mchango umechelewa au jina limekosewa herufi. Utaratibu ufuatao unapendekezwa.

Hali ya dharura itibiwe kwanza. Mambo ya kadi yashughulikiwe baadaye. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au usemi kubadilika ghafla havingoji dirisha la bima.

Uhakiki ufanyike faraghani, mzee akiwa ameketi, na ikibidi kwa lugha anayoielewa vizuri. Mzee wa Ukerewe au Misungwi anayeelezwa kwa Kikerewe au Kisukuma hutoa maelezo kamili kuliko anayesimamishwa mbele ya foleni.

Swali moja liongezwe katika mahojiano: "Je, umepunguza au umeacha dawa wakati unangoja bima?" Jibu lake hubadilisha mpango wa matibabu.

Mzee aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii wa kituo ili astahili yake ya msamaha ichunguzwe, na arudishwe kwenye dawa zake kwa njia iliyo nafuu zaidi wakati shauri linaendelea. Kadi zenye mashaka zirekodiwe na kuripotiwa kwa mtoa bima aliyetajwa. Kadi tatu zenye sura moja kutoka mwalo mmoja ni dalili ya mtandao wa utapeli, kama vile wagonjwa watatu wa kuhara kutoka kisima kimoja walivyo dalili ya mlipuko.

Mwisho, elimu ya bima iingizwe katika mazungumzo ya asubuhi ya kliniki za kisukari na shinikizo la damu. Dakika tano zinatosha kusema mambo matatu: usimlipe mtu, lipa taasisi, usifiche ugonjwa, usiache dawa.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wa mama wa Ukerewe, ni hatua ipi ya mapema ambayo ingegundua udanganyifu, na ni nani angepaswa kuichukua?

2. Kwa nini kuficha ugonjwa katika fomu humdhuru zaidi mgonjwa kuliko wakala?

3. Wakala wa kweli wa kampuni halali anaomba fedha zitumwe kwa simu yake "kwa sababu mtandao wa ofisi uko chini". Mteja afanye nini?

4. Mzee wa miaka 72 asiye na mtoto mwenye ajira amefika zahanati akiwa na kadi ya bandia na vidonge viwili vya mwisho. Mtumishi aanze na lipi, na amwelekeze wapi?

Mwenye kujibu swali la nne kwa kuanza na vidonge, kisha kadi, ameuelewa moyo wa somo hili.